Asiyekuwapo na Lake Lipo?

Kabla sijaanza kuhoji mambo ya watu, acha kwanza niungame langu. Mwaka jana, Ijumaa moja asubuhi, nilikula kipande cha unga uliokandwa ambacho hakikuwa changu. Wala hakikuwa cha mtu mwingine. Kilikuwa kipande cha kuchomwa motoni, na mimi ndiye niliyeambiwa nikichome. Sikukichoma. Nilikitia mafutani, kikafura kama hamri, nikakila na chai ya rangi. Hakuna aliyeniona. Hakuna aliyelala njaa kwa sababu yangu. Basi mpaka leo najiuliza: nilifanya kosa? Na kama nilifanya, nilimkosea nani?

Najua wapo watakaosema, huyu naye, kipande cha unga kinamkosesha usingizi! Subirini kidogo.

Nilipomaliza kidato cha nne nyumbani hapakuwa na karo ya kuendelea. Nikatoka Mombasa kuja Nairobi na begi moja na madaftari mawili ya riwaya ambayo haijaisha hadi leo. Kazi niliyopata ni ya nyumba, kwa mama mmoja mzee wa Kiyahudi. Usishangae. Wayahudi wako Nairobi tangu mwanzo wa karne iliyopita. Jumuiya yao ilianzishwa mwaka 1904, na sinagogi wanalo. Wazazi wa huyu mama walikuja baadaye, wakiikimbia Ujerumani ya Hitler kabla ya Vita Kuu ya Pili. Yeye amezaliwa hapa hapa. Mimi humwita Mama. Yeye huniita "kijana" siku njema, na jina langu kamili siku mbaya.

Ijumaa kwake ni siku ya mkate, maana jua likizama inaingia Sabato na kazi zote zinasimama. Asubuhi tunakanda: unga wa ngano, mayai, mafuta, sukari kidogo, chumvi, hamira. Ukishaumuka anaugawa, anavuta mikia mirefu, kisha anaisuka pamoja, mara mikia mitatu, mara sita. Nilipouona mara ya kwanza nilicheka. Nikamwambia, Mama, huu si mkate, huu ni ukili wa mkeka, na nyanya yangu angeusuka huku amefumba macho. Akanisukumia donge. "Haya, suka wewe." Nikasuka. Tangu siku hiyo kusuka ni kazi yangu.

Mikate huwa miwili. Sababu yake iko katika kitabu cha Kutoka: walipokuwa jangwani, mana iliteremka kila siku, na siku ya sita iliteremka ya siku mbili ili Sabato wasihangaike. Mezani mikate hufunikwa kitambaa, kwa kuwa divai ndiyo hubarikiwa kwanza, na wao husema mkate usione haya kwa kutanguliwa. Hapo nilikumbuka tajiri wangu wa kwanza, ambaye alikuwa akihesabu vijiko vya sukari yangu mbele ya wageni wake. Nikajisemea, kama kuna watu wanaousitiri hata mkate, pengine mimi nami nitasitirika.

Sasa tuje kwenye kipande chenyewe. Kabla ya kusuka, Mama humega donge kama la zeituni, husema dua kwa Kiebrania, kisha hulifunga kwenye karatasi ya fedha, ile ya kuokea, na kunipa nikalichome kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba. Nalichoma mpaka linakuwa jivu. Halilwi na mtu, halipewi mbwa, halipewi kuku. Sheria yao hata imelipima jambo hili. Kwa hesabu ya wengi, unga ukifika kama kilo 1.2 hivi, kipande hutolewa bila dua. Ukifika kama kilo 1.67, hutolewa kwa dua. Wapo wanaongoja mpaka kilo 2.25 ndipo waombe.

Nilimuuliza sababu. Akaniletea Biblia ya Kiswahili, Hesabu sura ya 15. Humo watu wameambiwa kwamba wakiingia katika nchi yao na kula mkate wake, watoe sehemu ya kwanza ya unga wao. Sehemu hiyo ilikuwa ya makuhani, watu wa Hekalu ambao hawakugawiwa ardhi ya kulima kama makabila mengine. Basi ilikuwa riziki yao, nao waliila wakiwa katika hali ya utohara. Halafu mwaka 70 Warumi wakalibomoa Hekalu la Yerusalemu. Utohara ule hauwezekani tena, na kuhani wa kukila kipande hayupo. Lakini kipande kiliendelea kutolewa. Kwa kuwa hakina wa kukila, na mwingine haruhusiwi, kinachomwa. Karibu miaka elfu mbili sasa.

Jambo jingine alilonieleza ndilo lililonikaa kichwani. Mkate wenyewe wanauita khala. Zamani neno hilo lilikuwa jina la kile kipande kinachotolewa. Baadaye likahamia kwenye mkate mzima. Yaani mkate wanaoula umepewa jina la sehemu wasiyoila.

Nami nilikasirika. Wiki ile mama yangu mzazi alikuwa amenipigia simu kutoka Kisauni. Yeye huuza mahamri kando ya barabara kuu. Aliniambia unga umepanda bei, amepunguza ukubwa wa mahamri, na wateja wanamsimanga ati anauza vifungo vya shati. Mwanamke yule anaamka saa tisa za usiku. Hata unga ulioganda kwenye kingo za bakuli anaukwangua kwa kisu. Halafu mimi nimesimama nyuma ya nyumba Nairobi nachoma unga mzuri, wenye mayai na sukari, kwa ajili ya makuhani waliokufa! Nikajisemea kwa sauti ule msemo wa kwetu: asiyekuwapo na lake halipo. Nikaingia chumbani kwangu, nikawasha jiko la mafuta ya taa, mengine unayajua.

Na tusidanganyane, sikuwa na njaa. Asubuhi ile nilikuwa nimeshakunywa uji na kula mayai mawili.

Sasa tulipime jambo hili. Mtu anaweza kusema kosa langu ni uongo tu: nilitumwa, sikutumika, nikarudi na karatasi tupu nikasema tayari. Hilo nakubali, ni kosa, na nilimkosea Mama. Lakini hilo ni jepesi. Swali ninaloliuliza mimi liko nyuma yake. Kama Mama mwenyewe angekula kile kipande, peke yake jikoni, nani angedhulumiwa? Kuhani hayupo. Je, haki ya mtu huendelea kuishi wakati mtu mwenyewe hayupo?

Niliwapelekea hoja hii soja wa geti la jirani na wenzake wawili tunaokaa nao jioni. Mmoja akasema, "Achana nao, hayo ni mambo ya Wazungu, wana vya kuchoma." Hapo nilimpinga. Wayahudi wa Ethiopia, weusi kama mimi na yeye, wana mkate wao wa Sabato unaoitwa dabo, na walikuwa wakiuoka vijijini mwao kizazi baada ya kizazi, kabla maelfu yao hawajahamishiwa Israeli, wengine mwaka 1984 na 1985, wengine kwa ndege mwaka 1991. Hapa karibu zaidi, Uganda, upande wa Mbale, wako Abayudaya. Hao walianza mwaka 1919, pale Semei Kakungulu alipoamua kuishika Torati pamoja na wafuasi wake. Idi Amin alipowapiga marufuku, walisali kwa kujificha. Kwa hiyo tusiseme ni uchezeaji wa wenye navyo.

Soja, ambaye ni mtu mzima, alikuja na hoja nzito zaidi. Alisema, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kama wanataka kumkumbuka asiyekuwapo, kipande wampe aliyepo." Hii ndiyo hoja yangu ya siku ile, na bado naiheshimu. Lakini nimeishi katika nyumba ile karibu miaka miwili, nimeona mengine. Kila Ijumaa kabla ya kuwasha mishumaa, Mama hutumbukiza pesa katika kisanduku cha maskini. Kabla ya Pasaka kuna mchango wa zamani ambao jina lake maana yake ni pesa za ngano, ili asiye na uwezo naye apate mkate wa sikukuu. Siku ya Purimu, wanapokumbuka jinsi Esta alivyowaokoa na Hamani, wanaoka vitobosha vya pembe tatu vyenye jamu ndani, wengine huviita masikio ya Hamani. Siku hiyo ni lazima kumpelekea rafiki vyakula, na ni lazima kuwapa maskini wasiopungua wawili. Tena sheria yao yenyewe inasema uhai wa mtu hutangulia mbele ya karibu kila amri. Basi fungu la mwenye njaa lipo, na ni kubwa kuliko zeituni. Kipande cha motoni hakikukatwa kutoka fungu lake.

Kwa nini basi wasiache kile kidogo kilichobaki? Jibu nililianza kuliona wakati wa Pasaka.

Sikukuu zao nyingine nilizizoea upesi. Mwaka Mpya wao, ambao huangukia Septemba au Oktoba, mkate hausukwi mrefu. Hufanywa wa mviringo, wengine hutia zabibu, na huchovywa katika asali ili mwaka uwe mtamu. Hanuka, sikukuu ya taa na mafuta, hula maandazi ya kukaangwa yenye jamu ndani. Hapo nilijiona niko Kisauni kabisa. Lakini Pasaka ni nyingine. Wiki nzima kitu chochote kilichoumuka hakitakiwi nyumbani. Tulipekua makabati, tukageuza mifuko ya makoti, tukafagia chini ya friji. Usiku wa kuamkia mkesha Mama alizunguka na mshumaa akitafuta makombo, na asubuhi yake tukayachoma. Mkate wa Pasaka ni unga na maji tu, na tangu maji yagusane na unga mpaka mkate uive zisipite dakika 18. Ni mkate wa watu waliotoka utumwani Misri mbio mbio, donge lao halikupata nafasi ya kuumuka.

Usiku wa karamu niliwaona wakifanya mambo mawili. La kwanza, kabla ya kula, mkuu wa meza alitangaza kwamba kila mwenye njaa aje ale. La pili, waliijaza glasi moja divai, hawakuigusa, kisha wakafungua mlango wa mbele. Glasi ile ni ya nabii Eliya. Kila mwaka anawekewa, na mlango anafunguliwa.

Na niseme ukweli, maana nimeahidi kuungama na si kusifu: mwaka ule wa kwanza, maneno ya kumwalika mwenye njaa yalisemwa nami nikiwa nimesimama jikoni na kitambaa cha vyombo begani. Hakuna aliyenivutia kiti. Eliya alikuwa na glasi yake, mimi sikuwa na yangu. Ni rahisi kumkumbuka asiyekuwapo, kwani haulizi mshahara. Yeyote atakayeisifu desturi hii bila kulijibu hilo atakuwa hajafikiri vya kutosha. Mwaka wa pili niliwekewa kiti. Sikuuliza kwa nini.

Mama anajua naandika. Siku moja akaniazima kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa mwaka 1996, In Memory's Kitchen. Ni mapishi yaliyoandikwa na wanawake wa Kiyahudi wakiwa wafungwa wa Wajerumani huko Terezín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Watu walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi, wengine wakipakiwa kwenye treni kupelekwa Auschwitz. Na wanawake wale, ambao chakula chao kilikuwa cha kubahatisha, walikaa wakaandika jinsi ya kuoka keki. Siagi kiasi gani, mayai mangapi. Mapishi mengine yameruka viungo au hatua, bila shaka kwa sababu ya hali waliyokuwa nayo. Mmoja wao, Mina Pächter, alifia humo mwaka 1944. Kabla ya kufa alimkabidhi rafiki yake yale makaratasi amfikishie binti yake, aliyekuwa mbali Palestina. Yalipita mikono ya watu, na ilichukua kama miaka 25 mpaka yakamfikia binti huyo, wakati huo akiwa New York.

Nilikisoma chumbani kwangu, karibu na lile jiko la mafuta ya taa. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema chakula ni cha kuliwa tu, mengine upuuzi, ni wale wanawake. Wao hawakusema hivyo. Walimega kitu wakamwekea asiyekuwapo.

Hapo ndipo nilipolazimika kuitazama hasira yangu. Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa. Nilipokuwa na miaka tisa alikwenda safari ya Kongo, hakurudi. Hatukuletewa maiti, hatukuletewa barua. Mama yangu aliendelea kumwekea chakula kila usiku, sahani juu ya meza, kawa juu ya sahani. Asubuhi sisi watoto tulikila. Ikawa hivyo karibu mwaka mzima. Usiku mmoja kaka yangu mkubwa akalifunua kawa mbele yetu sote, akasema asiyekuwapo na lake halipo, akala. Mama hakusema neno. Kesho yake sahani haikuwekwa. Nakumbuka nilikuwa nikiichukia ile sahani. Na siku ilipokosekana nikalia nyuma ya choo mpaka nikatapika.

Kwa hiyo Ijumaa ile sikuwa napigania unga wa maskini. Nilikuwa narudia alichofanya kaka yangu.

Ilinichukua miezi minne kumwambia Mama. Nilimwambia tukiwa tunasuka, maana mikono ikiwa na kazi macho hayalazimiki kukutana. Alinyamaza. Akajipangusa unga kwenye aproni, akaniuliza, "Ulikuwa na njaa?"

"La, Mama."

"Ungekuwa na njaa, kosa lingekuwa langu. Ningepaswa kujua." Akasuka mkia mmoja. "Ulikuwa na nini?"

"Hasira."

Alingoja niendelee, nikashindwa. Akanisogezea donge la pili, kazi ikaendelea.

Jioni nilimpigia mama yangu nikamsimulia yote, unga, jiko, makuhani. Alicheka sana. Kisha akasema, "Kuchoma unga mimi siwezi, mwanangu. Israfu ni dhambi. Lakini kuweka nakujua."

Nikamuuliza, mbona basi aliacha kuweka?

"Nani kakwambia niliacha? Hamri la kwanza la kila alfajiri siliuzi. Nampa dereva wa lori, yeyote anayetangulia kupita. Miaka yote hiyo. Nyie mlikuwa mmelala."

Sikujua. Nimekula mahamri ya mwanamke yule utoto wangu mzima, sikujua kama kuna moja lisilouzwa.

Basi nina njia mbili mbele yangu. Mama wa Nairobi hukitoa kipande na kukichoma, asikile yeye wala mwingine, ili fungu la asiyekuwapo lisije likawa la mtu mwingine hata kwa bahati mbaya. Mama wa Kisauni hulitoa fungu la asiyekuwapo akampa aliyepo, na anayelila hajui amekula cha nani. Soja anasema njia ya pili ina akili zaidi. Mimi nikiwa na njaa nitakubaliana naye bila mjadala. Lakini kuna kitu cha njia ya kwanza ambacho siwezi kukitupa. Kipande cha kuchomwa hakinipi sifa. Hakuna anayenishukuru, hakuna anayeniona mkarimu. Kinaniambia tu kwamba katika huu unga ulio mkononi mwangu kuna sehemu ambayo si yangu, hata mwenyewe asipokuja kuidai.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nilifanya kosa. Si kwa sababu ya unga, na si kwa sababu makuhani waliumia makaburini. Nilifanya kosa kwa sababu nilimwona mtu akimwekea asiyekuwapo fungu lake, nami nikalifunua kawa nikala, hali nimeshiba. Ningekuwa na njaa, kesi ingekuwa nyingine na mshitakiwa angekuwa mwingine.

Wenzangu mnaosoma kurasa hizi, najua wengi wenu mtabisha, hasa nyinyi ambao jioni ya leo hamjui mtakula nini. Bisheni. Andikeni, nipate kusoma. Mimi Ijumaa hii nitakuwa nyuma ya nyumba, kwenye lile jiko la makaa, nangoja kile kipande kiwe jivu.